Kumfuatilia binti wa wahamiaji wa Kijerumani Marekani, ukiwa Mbeya au Iringa

Anza na jina la ukoo la baba yake, si la mumewe. Binti akiolewa hubadili jina, na hapo ndipo watafutaji wengi humpoteza. Andika pia tahajia zote: Müller aligeuka Miller, Schmidt akawa Smith.

Fungua akaunti ya bure FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za koo. Simu yenye bando inatosha, ila picha za kumbukumbu ni nzito, kwa hiyo zipakue usiku mtandao ukitulia. Tafuta sensa ya Marekani ya 1880, ya kwanza kuuliza baba na mama walizaliwa wapi. Kisha ya 1900, iliyo tamu zaidi: ina mwezi na mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kuhamia, na kwa mama, watoto aliozaa na walio hai. Pengo kati ya namba hizo mbili ni misiba ya nyumba ile, usilipite haraka. Ya 1890 usihangaike nayo, sehemu kubwa iliharibika kwa moto wa 1921.

Ukikuta "Prussia" au "Bavaria", hizo ni dola za Kijerumani za zamani, ila sehemu ya Prussia leo iko Poland.

Vitabu vya zamani vya ubatizo vya Walutheri wa Kijerumani viliandikwa kwa mwandiko wa kale, Kurrent, ambamo "e" hufanana na "n". Ukoo wenye karatasi za wamisionari wa Kijerumani, waliofika Rungwe 1891, ujifunzie kuusoma humo kwanza.

Alizaliwa Marekani lakini akaolewa na mgeni kati ya 1907 na 1922? Alipoteza uraia wa Marekani. Usishangae sensa ikimwita mgeni.