Ukiacha kwenda darasani Marekani bila kufuta kozi, ada yako haiko salama

Tarehe 9 Septemba 2024, Jumatatu saa moja jioni, nilimfuata mwalimu wa kemia akiwa anafuta ubao, nikamwambia kozi yake imenishinda. Nilieleza kila kitu: maabara, saa 20 za kazi ya maktaba kwa wiki, usingizi. Akaweka kifutio chini, akanipa mkono, akasema hakuna tatizo, ananitakia heri. Nikatoka pale mwepesi kabisa. Nimeaga kama mtu aliyelelewa, basi nikajua yameisha.

Hayakuisha. Novemba nilikwenda dirisha la ofisi ya fedha kuuliza hela yangu itarudi lini, na binti wa pale akanigeuzia kioo cha kompyuta nijionee mwenyewe: bado nimesajiliwa kemia, krediti 4 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi), ada imelipwa yote. Desemba ikaja F. Hela imekwenda na maksi zimekwenda, na yule mwalimu hakuwa na kosa lolote.

Kosa lilikuwa hili: sikubonyeza kufuta kozi kwenye mfumo wa chuo. Mwalimu wa Marekani kwa kawaida hakutoi kwenye kozi. Kwetu ukitaka kuahirisha masomo unaandika barua, inapita kwa mkuu wa idara, inagongwa muhuri, unabaki na nakala yako kwenye bahasha ya kaki, na kila aliyeiona ni shahidi. Hapa shahidi ni mfumo peke yake. Unaweza kumuaga mwalimu, mkuu wa idara na mlinzi wa getini, lakini kama jina lako halijatoka kwenye akaunti ya msajili, wewe bado ni mwanafunzi wa kozi hiyo na unadaiwa. Kufuta kwenyewe ni dakika mbili: ingia kwenye akaunti yako ya chuo, fungua ratiba, chagua kozi, futa, thibitisha, piga picha ya skrini.

Sasa tarehe, maana ndipo wanaponaswa wengi wetu. Kuna kufuta kozi na kuna kujitoa, na ni vitu viwili. Ukifuta ndani ya siku za mwanzo, ada ya kozi hiyo inarudi yote na transkripti (karatasi ya matokeo yako yote) haibaki na alama. Siku hizo zikipita, unachofanya kinaitwa kujitoa: W, alama ya kwamba ulijitoa, inakaa kwenye transkripti, na ada inarudi kwa asilimia inayoshuka kadiri wiki zinavyokwenda mpaka inafika sifuri. Kila chuo kina kalenda yake. Cha kwangu kilitoa asilimia 100 mpaka Ijumaa ya wiki ya pili, kisha 75, kisha 50, kisha 25, kisha pole.

Na hizo wiki zinahesabiwa tangu muhula ulipofunguliwa. Usihesabu tangu siku uliyoingia darasani. Narudia kwa sababu hapa ndipo niliponaswa mara ya pili. Kemia yangu ilikuwa Jumatatu tu. Muhula ulifunguliwa Agosti 26, nikahudhuria. Jumatatu iliyofuata, Septemba 2, ilikuwa sikukuu yao ya wafanyakazi (wao hawaisherehekei Mei Mosi), chuo kimefungwa. Ijumaa yake, Septemba 6, mlango wa asilimia 100 ukafungwa. Yaani nilikuwa nimemwona mwalimu mara moja tu! Hata ningebonyeza usiku ule ule niliomuaga, robo ya ada ilishakwenda. Kozi fupi za wiki saba na zile za kiangazi ndizo hatari zaidi, mlango wake unaweza kufungwa ndani ya siku chache.

Jingine la kuangalia ni namna chuo kinavyotoza. Vyuo vingi vina bei moja kwa anayesoma krediti 12 mpaka 18 hivi. Kwenye chuo cha namna hiyo ukishuka kutoka 15 hadi 12, hata siku ya kwanza, hurudishiwi senti, kwa kuwa bei haijabadilika.

Wenye viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi, someni hapa polepole. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anatakiwa kuwa na krediti 12 kila muhula wa kawaida. Ukishuka chini ya hapo bila kibali cha ofisi ya wanafunzi wa kigeni, umevunja masharti ya viza, na hiyo haina asilimia 75. Kwa hiyo anza na ofisi hiyo, kibali kiingizwe kwenye SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), ndipo ubonyeze. Ukiwa mgonjwa wanaweza kukuruhusu kupunguza kozi, ila kwa barua ya daktari mwenye leseni. Ukiacha chuo kabisa kwa ruhusa yao, una siku 15 za kuondoka nchini. Ukiacha kimyakimya, huna hata moja.

Nicheke kidogo hapa. Nilikuwa na krediti 13. Ningefuta kemia ule usiku kwa pupa yangu bila kuuliza, ningebaki na 9. Mshauri wa wanafunzi wa kigeni aliniambia bila kupepesa macho: uzembe wako umekula ada, lakini umeponya viza.

Wenye kadi ya kijani (ukaazi wa kudumu) na wakimbizi mliojaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, ninyi mna kalenda mbili zisizosalimiana. Ya chuo ni ile niliyoeleza. Ya serikali kuu inahesabu siku: ukiacha masomo yote ukiwa umemaliza asilimia 30 ya muhula, umestahili asilimia 30 tu ya msaada wao, mpaka upite asilimia 60 ndipo unahesabiwa umestahili wote. Chuo kitarudisha serikalini sehemu isiyo yako, kisha bili itakugeukia wewe. Watu wamekwenda nyumbani wakijua ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, imemaliza kila kitu, wakarudi kukuta deni liko kwa wakusanya madeni.

Nilikata rufaa. Wanapokea ugonjwa, msiba, kosa la chuo. Kutojua kanuni si sababu, waliniandikia hivyo kwa lugha tamu sana. Hawa watu wana upole ambao mgeni anaudhania ni msaada. Atakuambia anasikitika, na uso unasikitika kweli, na jibu ni hapana. Hakuna mzee wa kumwendea jioni na kilo ya sukari. Kwa upande mwingine, mtoto wa tajiri aliyechelewa siku moja naye amepigwa vilevile, na hilo kwetu silioni mara nyingi. Lisilonikaa ni la msiba. Dada mmoja Mkenya alifiwa na mama mkubwa aliyemlea tangu akiwa na miaka mitatu, na fomu ilikuwa na visanduku vya mzazi, mwenza, mtoto na ndugu wa tumbo moja. Mama mkubwa hakuwa na kisanduku. Ilibidi barua itoke kwa chifu kwao ieleze malezi. Kama yatakukuta, omba barua hiyo mapema.

Na ninyi wazee wetu wa nyumbani, kwa heshima zote, mtusikie. Baba yangu mdogo wa Moshi ndiye aliyelipa ile ada. Nilipomwambia nimeacha kemia akafurahi, akaahidi hela itakayorudi imlipie binamu yangu kidato cha tano. Alikuwa anapiga kila Jumapili. Namwamkia shikamoo baba, ananijibu marahaba mwanangu, wameshaituma? Ada si amana benki, baba. Msiipangie kazi kabla haijaonekana.

Hata inaporudi, kwa kawaida inarudi ilikotoka. Mwaka uliofuata nilifuta kozi nyingine, safari hii siku ya nne, kwa kibali, na picha ya skrini ninayo. Chuo kikarudisha kila dola kwenye akaunti iliyolipa. Ikafika Moshi baada ya wiki kadhaa, imekatwa makato ya benki, kwa bei ya dola ya siku hiyo, na binamu akanunuliwa godoro na tranka la shule. Mimi huku nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba.