Fremu ya kaboni iliyopata ufa: ikarabatiwe au ibadilishwe?

Fremu ya baiskeli ya kaboni, yaani ya nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi, haipindi kama ya chuma ili kukuonya. Inaweza kuficha madhara ndani kwa muda, kisha ikakatika ghafla. Kwa hiyo baada ya kuanguka, au baada ya baiskeli kugongwa ikiwa imeegeshwa, isafishe vizuri, uimulike kwa tochi na upitishe ukucha juu ya kila mstari unaoutilia shaka. Mkwaruzo wa rangi pekee hauna neno, lakini nyuzi zikionekana zimechanika, au mahali pakibonyea chini ya kidole gumba, hapo pana kazi ya fundi. Gonga pia kwa sarafu, ukianzia mahali pazima na kusogea polepole kuelekea penye alama: mlio mkali unaogeuka ghafla kuwa butu ni dalili mbaya, ingawa unene wa bomba nao hubadili sauti, hivyo linganisha na upande wa pili.

Ufa ulio katikati ya bomba, mbali na maungio, kwa kawaida hukarabatika: fundi husugua kwa msasa tabaka zilizoharibika, hupanga vitambaa vipya vya kaboni kwa gundi ya epoksi, kisha huvibana mpaka vikauke. Ufa ulio shingoni, pale usukani unapoingia kwenye fremu, au panapozunguka ekseli ya pedali, ni kazi ngumu na ghali, na mara nyingi fremu mpya ndiyo nafuu, hasa kwa kuwa baadhi ya watengenezaji huwapunguzia bei wateja walioanguka. Foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) na usukani wa kaboni sishauri kuvikarabati kabisa, vibadilishe.