Kufufua visanduku vya muziki hadi ikulishe

Wengi wanaotaka kuingia kwenye fani hii huniuliza kuhusu vifaa. Vifaa hununuliwa. Amua kwanza utashika ala ipi, kwa sababu anayekimbizana na gramafoni, piano inayojipiga na kisanduku cha silinda kwa wakati mmoja habobei popote. Mimi nilichagua silinda: inapozunguka, pini zake zinachokoa meno ya kitana cha chuma na kutoa wimbo, ubunifu wa Antoine Favre, fundi saa wa Geneva, mwaka 1796. Nawe anzia kwa fundi saa. Kaa naye ujue springi na gia.

Mezani, legeza springi mpaka nguvu yote iishe ndipo uguse kingine. Ukifungua gavana, kile kifeni kinachotuliza mwendo, springi ikiwa imejaa, silinda itazunguka kama pia, na kufumba na kufumbua pini zimepinda, meno yamekatika. Hizo maiti naletewa kila mara, nyingi zikitoka kwa mtu aliyetaka "kupaka mafuta tu".

Kisha geuza kitana. Chini ya meno mengi kuna kizuia mlio, mara nyingi kijiwaya chembamba cha chuma kinacholinyamazisha jino kabla pini inayofuata haijaligusa. Kikipinda au kukatika, unasikia mkwaruzo juu ya wimbo. Meno ya besi yamebebeshwa madini ya risasi ili sauti ishuke; risasi ikiliwa na kutu nyeupe huvimba, hata kuligusa jino la jirani. Usikimbilie tupa ya kukwangulia chuma! Chuma ulichokwisha kukikwangua hakirudi. Jizoeze kwenye vitana vibovu ulivyonunua kwa ajili ya vipuri, kwani hapa ndipo penye riziki: kazi hii huwachosha wengi, na ukiimudu, mafundi wenzako na wauzaji wa vitu vya kale watakuletea kabla hata wenye visanduku hawajakufahamu.

Kuhusu pesa, toza uchunguzi hata mteja akighairi. Usitaje bei kwa kuangalia picha ya simu. Piga picha zako kabla ya kufungua, andika kila ulichobadilisha, chukua malipo ya awali. Akitaka mbao zing'arishwe ziwe kama mpya, mshauri aache, maana wakusanyaji wengi hulipia zaidi rangi ya zamani. Na mshahara wako usiuache bado; kitana kimoja kinaweza kukukalisha wiki kadhaa, na kodi ya chumba haisubiri.