Kupima maziwa ya kondoo anayenyonyesha

Kwa kondoo mwenye mtoto, njia ya kuaminika zaidi ni kukamua mara mbili kwa msaada wa oksitosini (homoni inayoshusha maziwa). Mtenge mwanakondoo, kisha daktari wa mifugo amchome mama yuniti 5 kwenye mshipa wa shingo. Maziwa hushuka papo hapo; kamua upesi mpaka kiwele kiwe tupu, kwani nguvu ya dawa huisha baada ya dakika chache. Maziwa haya hayahesabiwi. Andika saa uliyomaliza.

Zikipita saa 4, rudia sindano na kukamua. Pima kwa gramu (povu hudanganya kwenye chombo cha mililita), uzidishe kwa 6: gramu 250 ni kilo 1.5 kwa siku. Kosa kubwa hutokea kwenye ukamuaji wa kwanza. Ukiacha gramu 20 kiweleni, jibu linaongezeka gramu 120.

Bila sindano, pima mwanakondoo kabla na baada ya kunyonya, kila saa 4, usiku pia. Mizani isome hadi gramu 10. Akikojoa katikati, kipimo hupungua. Wiki za mwanzo mtoto mmoja huenda asimalize maziwa, kwa hiyo unapima tumbo lake, si kiwele cha mama.