Kishikwambi cha bei nafuu dukani: ninavyokiandaa na kukitumia

Kwa miaka mitatu sasa, daftari la mauzo la duka letu limo ndani ya kishikwambi cha inchi 7 chenye RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 32. Watu huniambia vishikwambi vya bei hiyo vinaganda. Ni kweli vinaganda, ukivibebesha kila kitu. Kumbuka Sensa ya 2022 hapa Tanzania: karani alifika mlangoni na kishikwambi kwa kazi moja tu, kuuliza na kujaza majibu. Changu nimekipa kazi mbili, mauzo na risiti.

1. Punguza kwanza

Usianze kwa kupakua. Ingia Mipangilio, fungua orodha ya programu, kisha ondoa michezo na kila usichokihitaji. Kisichokubali kuondoka, kizime. Zile GB 32 zilizoandikwa kwenye boksi hazibaki zote kwako, maana mfumo wenyewe unachukua sehemu yake. Mwezi wa kwanza nilipakia mitandao yote ya kijamii. Jumamosi moja, shule zinakaribia kufunguliwa na wateja wamejaa, kioo kikaganda nikarudi kwenye karatasi. Tangu siku hiyo, mitandao ya kijamii inabaki kwenye simu.

2. Kipe wepesi

Kwenye Mipangilio, nenda sehemu inayoeleza kuhusu kifaa na uguse nambari ya toleo la mfumo (Build number) mara saba. Itafunguka orodha mpya ya wasanidi programu. Tafuta sehemu tatu za uhuishaji (animation scale), yaani mwendo wa madoido ya kioo, zote ziweke 0.5. Usiguse kingine humo.

3. Kibodi ya Kiswahili

Hatua hii wengi huiruka, nami naisisitiza. Kwenye lugha za kibodi ongeza Kiswahili, na usahihishaji wa moja kwa moja uuzime. Usipofanya hivyo, kibodi itageuza maneno yako kuwa ya Kiingereza, na hesabu ya madeni nitakayoeleza hapa chini itakudanganya.

4. Daftari lenyewe

Pakua Google Sheets, fungua jedwali jipya. Mstari wa kwanza andika: A tarehe, B bidhaa, C idadi, D bei, E jumla, F malipo. Kwenye E2 andika =C2*D2, kisha nakili kisanduku hicho na ukibandike chini hadi E500. Safu ya F ina maneno matatu tu: taslimu, simu, deni. Yaandike vilevile kila mara.

Sasa, kwenye H1 weka:

=SUMIF(F2:F500,"deni",E2:E500)

Hapo utaona jumla ya fedha zako zilizo mikononi mwa watu. Ukiandika "madeni" au "dni" mahali pamoja, mauzo hayo hayatahesabiwa. Ukitaka kujua ni nani anayedaiwa, ongeza safu ya G kwa jina. Mtu akilipa, badilisha neno "deni" liwe "taslimu" au "simu", usiufute mstari. Binafsi naanza jedwali jipya kila mwezi, kwa sababu jedwali refu hukichosha kifaa kidogo.

Kabla ya kutoka, gusa vidoti vitatu na uruhusu jedwali lipatikane bila intaneti. Utaandika mchana kutwa bila bando, na usiku ukiwasha data litajihifadhi kwenye akaunti yako. Kishikwambi kikiibwa au kikianguka, yote yaliyokwisha kuhifadhiwa hivyo yatabaki salama. Weka na namba ya siri kwenye kioo, kwani madeni ya watu ni siri yao.

5. Linda bando

Narusha intaneti kutoka kwenye simu. Kishikwambi kikiona waifai hujihisi kina intaneti isiyo na kikomo, kikaanza kusasisha programu. Fungua mipangilio ya mtandao huo na uutambulishe kuwa wa kulipia kwa kipimo. Kwenye Play Store zima usasishaji wa moja kwa moja. Nasasisha mwenyewe mara moja kwa mwezi.

6. Risiti za manunuzi ya jumla

Programu ya Google Drive ina sehemu ya kuskani. Piga picha risiti kwenye mwanga wa mlangoni, ihifadhi kama PDF, na jina lianze na tarehe, mfano 2025-03-14 sukari. Risiti nyingi za mashine hufifia baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo fanya siku hiyohiyo.

7. Chaji na joto

Tumia chaja iliyokuja nacho. Chaja dhaifu ya simu itakuchukua saa nyingi, na ukitumia kifaa huku kinachajiwa asilimia inaweza hata kushuka. Usikiache juani kwenye meza ya mbele.

Malipo ya simu sijayahamishia humo. Kishikwambi changu hakina sehemu ya laini, hivyo menyu ya M-Pesa ya Vodacom, *150*00#, haifunguki. Simu ya duka inakaa pembeni yake: ujumbe wa malipo ukiingia nausoma, ndipo naandika "simu" kwenye safu ya F.