Namna ya Kupokea Masahihisho Katika Mazoezi ya Karate

Mwanafunzi wa karate ya mtindo wa Shotokan husahihishwa mara nyingi kuliko anavyosifiwa, na hilo si dalili kwamba hafai. Heian Shodan, kata (mfululizo wa hatua uliopangwa) ambayo wengi wetu tulianza nayo, ina hatua 21 tu, lakini katika kila hatua viungo kadhaa hufanya kazi kwa wakati mmoja, kwa mfano goti la mbele linakunjwa, mguu wa nyuma unanyooka, nyonga zinageuka, ngumi moja inatoka huku nyingine ikirudi kiunoni. Hakuna anayeweza kujitazama akiyatenda hayo yote, ndiyo maana tunahitaji jicho la mwalimu.

Sensei, yaani mwalimu, anapokusimamia, jambo la kwanza ni kubaki ulivyo. Wanaoanza wengi, wakiguswa tu begani, husimama wima na kumgeukia usoni, na hapo mkao uliokuwa unasahihishwa hupotea. Mwache akusogeze mguu, kisha sikiliza uzito wako umehamia wapi. Katika zenkutsu-dachi, mkao wa kuelekea mbele, takriban asilimia 60 ya uzito inapaswa kukaa mguu wa mbele, na kisigino cha nyuma kibaki sakafuni.

Jibu liwe fupi. Mahali wanapotumia "Osu", itikio la heshima katika karate, itikia hivyo. Kwingine "Naam, sensei" inatosha. Usieleze kwamba ulikuwa unajua, wala kwamba juzi ulifanya vizuri, kwa sababu hata maelezo ya kweli hula muda ambao mwili ungeutumia kujaribu tena. Maumivu ni jambo jingine: goti likiuma, mwambie mwalimu kabla ya mazoezi kuanza.

Sehemu ngumu huja mwalimu akishaondoka. Mkao sahihi huonekana mgeni, pengine hata dhaifu, kwa kuwa mwili umekwisha kuzoea kosa na kuliona ndilo nyumbani. Mtu aliyekuwa akisimama miguu yote miwili ikiwa kwenye mstari mmoja, akiambiwa aitenganishe kwa upana wa nyonga, huhisi amepanuka kupita kiasi, na ngumi yake inaweza kupoteza kasi kwa muda. Wengi hurudi kwenye mazoea yao hapo hapo, wakidhani sensei amekosea au kwamba maelekezo hayo hayawafai wao. Naomba uvumilie kipindi hicho. Rudia hatua hiyo polepole, bila nguvu, hadi mguu uende mahali pake bila kuamriwa, ndipo uongeze kasi. Ukipewa masahihisho matatu kwa siku moja, yaandike yote kwenye daftari, lakini shughulika na moja kwanza.

Mwalimu akipaza sauti, "Visigino!", bila kutaja mtu, angalia vyako, usigeuze shingo kumtafuta mkosaji.

Kusahihishwa na mwenye mkanda wa chini kunahitaji moyo mpana zaidi. Mwenzako katika kumite, yaani mazoezi ya kupambana wawili wawili, akikuambia kwamba mkono wako haurudi baada ya ngumi, huenda ameona kile ambacho aliyesimama pembeni hakukiona, kwa hiyo inama, shukuru, ujaribu. Ukiwa na shaka, muulize sensei baada ya mazoezi kuhusu mkono wenyewe, bila kumshtaki aliyekuambia. Walimu wawili wakitofautiana, fuata maelekezo ya yule anayefundisha siku hiyo, na usimlinganishe na mwenzake mbele ya wanafunzi.

Heshima hii ina mpaka. Sahihisho hulenga tendo. Matusi, au pigo lenye nia ya kuumiza, si sahihisho, na hulazimiki kulipokea kwa kuinama. Mweleze mzazi au kiongozi wa dojo, yaani ukumbi wa mazoezi.

Baada ya wiki mbili au tatu za kulifanyia kazi kosa lako, mwendee mwalimu kabla ya darasa na umwombe: "Sensei, tafadhali nitazame tena mguu wa nyuma."