Kabla hujafungua kesi ya talaka, fungua kabati la karatasi

Nilikuwa karani wa masijala ya mahakama mjini Nakuru, Kenya, hadi nilipostaafu, na majirani hawajakubali kwamba nimestaafu. Jioni mtu hubisha hodi: "Mama, nataka talaka. Nianzie wapi?" Wengi hutarajia niwatajie wakili. Mimi huwatuma kwanza wakatafute bahasha kubwa.

Cheti cha ndoa ndicho kinatangulia. Kama mlioana kimila na hamkusajili, jiandae kuthibitisha kwamba ndoa ilikuwepo: waliokuwepo siku ya mahari, picha, barua. Waislamu hupeleka shauri lao kwa kadhi, nao wana utaratibu wao.

Kisha jiulize sababu. Hata mkiwa mmekubaliana kuachana kwa amani, Sheria ya Ndoa ya 2014 bado inataka sababu: uzinzi, ukatili, kutelekezwa miaka 3, au ndoa iliyovunjika kiasi cha kutorekebishika. Kama ni kipigo, usingoje kesi. Nenda hospitali, chukua polisi fomu ya P3, ile ya kuandikia majeraha, na uombe mahakama amri ya ulinzi. Sheria ya 2015 dhidi ya ukatili wa nyumbani inaruhusu.

Jambo linalowashangaza watu dirishani ni kwamba talaka haigawi shamba. Kuvunja ndoa ni faili moja, mali ni faili nyingine, na malezi ya watoto huenda mahakama ya watoto. Panga nauli na ada za wakili ukijua hilo.

Sasa mali, maana hapa ndipo watu huumia. Zamani tulitumia sheria ya Waingereza ya 1882, na mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba kuwa mke tu hakukupi fungu. Katiba ya 2010 ikaja na usawa wa wanandoa, halafu Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ikatamka kwamba kupika, kulea, kulima shamba la familia na kusimamia biashara yake ni mchango. Watu wakashangilia wakidhani ni nusu kwa nusu. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikaweka wazi: usawa hauna maana ya nusu moja kwa moja, kila mmoja athibitishe alichochangia. Kwa maoni yangu uamuzi huo ni mgumu kwa mama wa nyumbani, kwa sababu kazi ya jikoni haitoi risiti. Lakini ndio uliopo.

Kwa hiyo tafuta kinachosema badala ya risiti. Stetimenti za M-Pesa zinazoonyesha ulituma pesa za fundi. Kitabu cha chama cha akiba na mkopo wa sacco ulioezekea nyumba. Kadi za kliniki na ripoti za shule ulizotia sahihi wewe. Majina ya majirani waliokuona ukikamua ng'ombe alfajiri huku mwenzio akiwa kazini Nairobi. Andika miaka: kiwanja kilinunuliwa lini, nani alilipa nini. Shamba alilorithi yeye kabla ya ndoa si mali ya ndoa, ila kama uliliendeleza, una haki kulingana na ulichoweka. Wanaume, haya yanawahusu pia; nimeona mume aliyejenga kwa jina la mkewe akikosa hata risiti ya saruji.

Piga nakala, uziweke kwa dada yako au rafiki asiye na maneno mengi. Usiibe simu ya mwenzio wala hati zake; utajiletea kesi nyingine.

Kama hatimiliki ina jina lake peke yake, fanya upekuzi wa rekodi katika ofisi ya ardhi. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila idhini yako, na ukihofia anataka kuuza, weka huko zuio la kuuza mapema. Orodhesha madeni pia: yaliyokopwa kwa faida ya familia mtayabeba sawasawa.

Kuhusu watoto, peleka bajeti ya mwezi: karo, chakula, kodi, dawa. Hakimu huhitaji takwimu kuliko machozi.

Usipoweza kumlipa wakili, wanawake huenda FIDA Kenya, shirika la wanasheria wanawake, na Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, hupokea wote wasiojiweza. Na popote utakapokwenda, mwachie wakili nakala. Hati halisi zibaki kwako hadi mahakama itakapoziomba.